Chumba cha Kapita

Niseme mapema ili mtu asije akanihurumia bure: nilikuwa na wivu. Si ule wa kuogopea mke, ule ninaujua na una dawa yake. Huu ulikuwa wivu wa mtoto wa kwanza juu ya mdogo wake, na umenipata nikiwa na miaka arobaini na sita, mvi kidevuni, karani wa depo ya unga, yaani ghala, hapa mtaani Kikula, baba wa watoto wanne. Mtu mzima mimi nilinuna kwa sababu baba yangu alikuwa anacheza na mdogo wangu na hachezi na mimi. Hata kuandika ninaona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baba alifanya kazi kwenye matanuru ya kuyeyushia shaba kule Shituru tangu ujana mpaka pensheni. Babu ndiye aliyetoka Kasai kuja kuandikwa kazi ya mgodi. Baba yeye alizaliwa hukohuko Shituru, akakulia huko, na anazeekea katika nyumba ileile ya kampuni, ya matofali mekundu, ya pili ukitoka kwenye reli. Alipomaliza kazi alikuwa kapita, yaani mkubwa wa kikosi, mtu ambaye akikohoa tu watu wanashika koleo. Mama alipofariki, alitoa kiti kwenye baraza, akakielekeza kwenye mabomba ya moshi, akakaa. Alikaa vile karibu miaka miwili. Mimi nilikuwa ninafika kila jioni na pikipiki, nimembebea bukari, yaani ugali wa kwetu, umefungwa kwenye kitambaa, kwa sababu mke wangu anajua mzee hali bukari ya watu wengine. Anaitikia salamu, anakula, ananawa, halafu ananiuliza kama nimeshabadilisha tairi la nyuma. Basi. Ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu.

Mdogo wangu yuko Afrika Kusini, mlinzi wa usiku kwenye ghala, kwa hiyo mchana yuko huru. Tangu aondoke amerudi mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa kumzika mama, siku nne, akapanda basi. Huyo ndiye aliyemtumia baba kompyuta. Na nani aliyekwenda kuipokea? Mimi. Nani aliyeifunga mgongoni kwa kitenge cha mke wake, akaendesha nayo mpaka Shituru polepole kama amebeba mayai? Nani aliyepanda juu ya paa kurekebisha waya wa kuran, wa umeme, kisha akakaa Jumapili nzima akimwonyesha mzee namna ya kushika kipanya? Mimi mwenyewe, mjinga. Kaburi langu nililichimba kwa koleo langu.

Ndani ya ile kompyuta mlikuwa na mchezo wa angani, wa kwenye mtandao. Watu wa dunia nzima wanaendesha meli kati ya nyota, wanachimba mawe, wanabadilishana mali, wanapigana. Mdogo wangu alikuwa ameucheza muda mrefu, na huko mbali alikuwa amekuta kituo kizee, kiwanda cha kuyeyusha mawe kilichoelea gizani baada ya wenyewe kuacha kucheza. Kituo chenyewe ni duara, kama tairi la lori lililolazwa. Sheria ya mchezo inasema hivi: kituo kilichoachwa ni mali ya atakayewasha taa zake na kuzilinda zisizimike mwezi mzima. Zikizimika hata mara moja, kazi yote imekwenda na maji.

Baba aliangalia skrini amekunja midomo, sura ya mtu anayepewa dawa chungu. Moyoni nikafurahi kidogo, nikasema hili halitamwingia. Halafu mdogo wangu, sauti yake ikitoka kwenye kompyuta, akawasha tochi ya kofia yake, mwanga ukapita juu ya matanuru yaliyopoa, moja baada ya lingine. Baba akaniambia nimpe lineti zake, miwani ya kusomea. Akazivaa, akasogeza kiti.

“Hawa batu balikimbia tu,” akasema. “Balisahau hata kufunga mulango ya tanuru. Kapita yao alikuwa nani?”

“Papa, ni muchezo tu,” nikamwambia.

“Minye najua ni muchezo. Lakini mulango iko wazi.”

Tangu siku ile kile kiti hakikurudi barazani.

Mdogo wangu alitaka matanuru yawashwe, wayeyushe mawe, waiuze shaba. Baba akakataa kabisa. Alisema moshi alioula Shituru unamtosha, hatakwenda kuula mwingine mbinguni kabla Mungu hajamwita. Akaangalia ile duara siku mbili, tatu, akachora nyuma ya kalenda ya parokia, kisha akatoa amri: pale patakuwa mahali pa meli zilizoharibika njiani. Gereji na nyumba ya kupumzikia. Tanuru lililopoa, alisema, ni chumba kizuri, ukuta wake mnene, haupitishi baridi. Kwa hiyo tanuru moja likawa stoo ya mafuta, mawili yakawa vyumba vya wasafiri, na ukumbi wa kumiminia shaba, ambao una winchi kubwa darini, ukawa mahali pa kuinulia meli na kuzifanyia matengenezo. Nisiwe mwongo, lilikuwa jambo zuri. Ndilo lililoniuma zaidi.

Ili taa zisizimike, batri za kituo zilipaswa kulishwa mafuta kwa mkono saa zote, kwa hiyo wakahitaji watu. Baba akapanga kazi kama Shituru: posti tatu, yaani zamu, ya asubuhi, ya mchana, ya usiku. Akamwamuru mdogo wangu atengeneze ubao mlangoni, wenye ndoana na vibati vya namba, maana zamani kule kiwandani kila mtu alitundika kibati chake akiingia na kukitoa akitoka, na kapita akitazama ubao anajua nani bado yuko ndani. Majina ya ajabuajabu ambayo watu wanajipa kwenye michezo hakuyataka. Yeye alikuwa Moja, mdogo wangu Mbili. Wakaja watu wa Kolwezi, wa Bukavu, mmoja wa Kigoma, mmoja wa Mombasa, na kila mmoja akapewa namba yake na posti yake, akaambiwa kuchelewa ni dhambi.

Mimi nilikuwa ninaingia na bukari yangu, ninakuta mzee anacheka. Baba yangu akicheka, mabega yanapanda na hatoi sauti. Kicheko kile sikuwa nimekiona tangu mama yuko hai, na sasa kilikuwa kinakwenda Afrika Kusini. Siku moja nilisalimia mara mbili. Akainua kiganja bila kugeuka, kama polisi wa barabara. Nikasimama pale na sahani yangu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

“Papa,” nikasema, “tairi nimebadilisha.”

“Bien, sawa,” akajibu, macho kwenye skrini.

Wazee wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Waongo. Mdogo wangu hayupo na lake lipo, limejaa salon, sebule nzima. Mimi nipo, ninapumua, ninanuka petroli na unga, na langu halipo.

Mke wangu aliliona haraka. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikaanza kugombana na mlango wa bafu.

“Weye iko na wivu ya mudogo yako,” akasema, anachambua mboga.

“Minye? Wivu ya muchezo ya batoto?”

“Umuambie tu mzee kama unataka kucheza naye.”

“Niombe? Minye njo mukubwa, halafu niombe kucheza?”

“Basi endelea kupiga mulango,” akasema. “Mulango haikufanyie kitu.”

Sikumwambia mzee. Nilifanya jambo la mtu mwenye wivu: nilijificha. Pale depo tuna kompyuta ya kuandikia magunia, na baada ya saa nane, malori yakishaondoka, mwenye depo huwa anaenda Kakanda kuangalia mambo yake, ninabaki peke yangu na panya. Nikaingia kwenye mchezo kwa jina la uongo. Nikamwandikia baba kwa Kiswahili kilichonyooka, kile cha shuleni, ili asinusenuse: ninaomba kazi. Nilisema maikrofoni yangu imekufa, kwa hiyo nitaandika tu.

Jibu likaja kwa herufi za mtu anayetafuta kila kitufe kwa kidole kimoja.

“Unajua kufagia?”

“Ninajua.”

“Wengine bote banasema banajua kupigana. Kuya kazini.”

Nikapewa namba kumi na moja, posti ya mchana, kwenye batri.

Sasa nikiri na hili. Nia yangu haikuwa nzuri. Niliingia ili niache taa zizimike. Nilikuwa nimepiga hesabu vizuri: posti yangu, mkono wangu, batri zinakwisha, giza, mwezi unaanza upya, mdogo wangu na baba wanagombana, na mzee anarudisha kiti barazani ambako mimi ninamkuta kila jioni. Nilitaka kumrudisha baba yangu kwenye huzuni yake kwa sababu kwenye huzuni yake alikuwa wangu. Hivyo ndivyo wivu unavyokuwa, usidanganywe na wanaosema ni dalili ya upendo.

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya zile batri nimebeba mafuta mkononi, ninaangalia sindano ya kipimo inashuka. Ikashuka mpaka karibu na nyekundu. Kichwani ninasema, acha, acha. Halafu sijui nini, nadhani ni mazoea ya kulelewa na kapita, nikazilisha. Baada ya muda kidogo maandishi yakatokea chini ya skrini: “Kumi na Moja, posti nzuri.” Maneno matano. Mimi pale depo, katikati ya magunia, nikayasoma mara tatu. Miaka arobaini na sita sikumbuki kuambiwa na baba yangu kwamba kitu nilichofanya ni kizuri.

Basi nikabaki. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa.

Kuna jambo moja la kile kituo ambalo lazima nilieleze. Kutoka mlangoni, pale kwenye ubao wa vibati, kwenda kwenye batri kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuizunguka duara yote. Ya pili ni fupi, inapita kwenye chumba kimoja chenye milango miwili, ambacho zamani kilikuwa cha kuongozea mitambo. Mdogo wangu alikifanya kuwa chumba cha kapita, kwa sababu ukiwa pale unaona kituo kizima. Akaweka kitanda, akaweka ndoana ya kofia ya baba. Na kila mtu alikuwa anakatiza pale, wa Kolwezi, wa Kigoma, mdogo wangu mwenyewe, na mzigo begani, wanapita pembeni ya kitanda kama watu wanaokwenda sokoni.

Mimi siku ya kwanza nilifika kwenye ule mlango, nikaona kitanda, nikageuka. Sikufikiri. Kwetu sisi, mtoto wa kiume akishapata akili haingii chumba wanacholala wazazi wake, wala hakai kwenye kitanda chao. Haelezwi sababu, anaambiwa mara moja na mara ya pili anachapwa. Nyumba ya Shituru ina vyumba vitatu, na mimi niliyekulia mle ninavijua viwili. Hata mama alipokuwa anaondoka duniani, walioingia ni shangazi zetu. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini na beseni la maji ya moto, ninalipitisha kwa mkono, ninaona mguu wa kitanda tu. Kwa hiyo na huko angani nilizunguka. Kila siku, kila mzigo, duara yote. Nilichoka, lakini hata siku moja sikujiuliza kwa nini ninafanya vile.

Karibu wiki ya pili, jioni, nimeleta bukari, baba akazungumza na mimi kwa mara ya kwanza kuhusu kituo.

“Iko muntu moja kule,” akasema, anamega. “Namba kumi na moja. Hasemake mingi. Ukimupa kazi, anamaliza. Haulize-ulize.”

“Anatoka wapi?” nikauliza, ninaangalia ukutani.

“Sijue. Lakini ule muntu alilelewa. Kama ningepata watano kama ule, minye ningelala.”

Unaweza kudhani nilifurahi. Hapana. Nilikasirika, damu ikanipanda mpaka masikioni. Nani huyo Kumi na Moja? Amembebea baba sahani gani? Amempeleka hospitali siku gani, amepanga foleni ngapi na karatasi zake za pensheni, amepanda kwenye paa lini? Picha ya mtu mwenye kofia, anabeba mafuta ya uongo, anasifiwa, na mimi niliyekaa mbele ya mzee na jasho langu ninaulizwa habari za tairi. Nilijiambia, tulia bwana, ni wewe. Haikusaidia. Sasa nilikuwa na watu wawili wa kuwaonea wivu, na mmoja wao alikuwa anatumia vidole vyangu.

“Kila kitu Kumi na Moja,” nikanung'unika kwa mke wangu nyumbani.

“Ni nani tena huyo?”

“Muntu fulani.”

“Weye utaumwa,” akasema.

Halafu, mwezi ukikaribia kwisha, baba akatangaza. Aliwaandikia wote kwamba anazeeka, lineti hazimsaidii tena, na kituo kikishakuwa chao halali atatoa funguo kwa mtu mmoja. Huyo ndiye atakuwa kapita badala yake. Yeye atabaki mzee wa kukaa tu na kukosoa. Mdogo wangu alijibu kwa kicheko, maana alijua ni yeye, nani mwingine? Kituo alikiokota yeye. Na mimi nikautaka ule ufunguo jinsi ambavyo sijataka kitu tangu utoto. Ufunguo wa kituo ambacho hakipo. Nilikuwa ninaamka nao kichwani, ninahesabu magunia nao kichwani, nikakosea, nikahesabu tena.

Siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa Ijumaa, katikati ya kiangazi, upepo wa baridi na vumbi jekundu hadi kwenye meno. Nilipofungua mchezo saa nane nikakuta vurugu. Mtu wa Kolwezi alikuwa amekatikiwa kuran nyumbani kwake katikati ya posti yake, batri hazikulishwa, na taa za kituo zimeshaanza kuwa nyekundu. Mdogo wangu alikuwa nje na meli, hawezi kurudi kwa wakati. Aliyekuwa ndani karibu ni mimi tu, mlangoni, kibati sijakitundika bado.

“Kumi na Moja, beba mafuta ya stoo, kimbia!” mdogo wangu akaandika.

Nikabeba. Nikafika kwenye mlango wa chumba cha kapita. Kitanda kilikuwa pale, kofia ya baba kwenye ndoana. Ng'ambo ya mlango wa pili, hatua chache, ndiko batri ziliko. Nikageuka, nikaanza kuizunguka duara.

“Unaenda wapi? Pita mu chumba.”

Nikakimbia.

“Weye ni mujinga? Pita mu chumba, taa inakufa!”

Mikono yangu ilikuwa kwenye kazi. Nusu ya duara taa zikaanza kupepesa. Nje ya depo mtu wa mkokoteni alikuwa anagonga dirisha anataka risiti, nikamwacha agonge. Nilifika sindano ikiwa karibu kulala kabisa. Nikalisha. Taa zikasimama, zikawa za njano, halafu nyeupe. Mdogo wangu akaandika kwa baba, mbele ya wote, kwamba huyu mtu afukuzwe, ana wazimu, amekaribia kuharibu kazi ya mwezi mzima.

Jumamosi mchana baba alikusanya wote mlangoni, chini ya ule ubao. Alikuwa na maneno machache. Alishukuru posti zote tatu. Alisema kituo sasa ni chao. Kisha yakatokea haya, herufi moja baada ya nyingine, polepole: “Funguo nampa Kumi na Moja.”

“Papa?” mdogo wangu akaandika. Akangoja. Halafu kibati chake kikatoka kwenye ubao, akawa ameondoka.

Nilishinda, basi. Furaha ilidumu muda wa kuvuta pumzi moja. Baada ya hapo nikaona kilichotokea: baba ana watoto wawili wa kiume, mmoja amempa kituo, mwingine amempa miaka yake, na yeye amechukua ufunguo akampa mtu asiyemjua uso. Nilifunga depo kabla ya saa, nikapanda pikipiki, nikaenda Shituru bila bukari. Haikuwahi kutokea.

Nilimkuta mbele ya kompyuta, mikono ameibana kwapani kwa baridi.

“Papa, ule mutoto alikupatia kile kituo,” nikaanza hata sijakaa, “na weye unatoa funguo kwa muntu hata haujue uso yake. Sisi tuko nini kwako?”

Ona maajabu, nilikuwa ninamtetea mdogo wangu.

“Bukari iko wapi?” akauliza.

“Sikuleta.”

“Kumbe.” Akasogeza kigoda kwa mguu. “Kaa. Angalia hapa.”

Kwenye skrini kulikuwa na ramani ya kituo, ile duara, na mistari ya kijani imejaa. Akanieleza kwamba kapita anaweza kuona kila mtu alikopita, mchezo unaacha alama. Mimi sikulijua hilo. Akaweka kidole juu ya mstari mmoja.

“Hii ni mudogo yako. Anapitaka mu chumba yangu na viatu, kama mu barabara ya soko. Simukasirikie. Eko mbali miaka mingi, alisahau. Hii ni wa Kolwezi. Hii wa Kigoma. Bale ni bana ba batu, kitanda yangu hawaijue.” Kidole kikahama. “Sasa angalia hii.”

Mstari mmoja ulikuwa unaizunguka duara yote, unakwenda na kurudi, mnene kwa kupitwa sana.

“Mwezi muzima,” akasema baba. “Hata jana, taa inakufa, mudogo yako analia, na ule muntu anazunguka tu. Mu dunia muzima, nani anaogopa kitanda yangu? Niko na bana babili. Mumoja anapita mu chumba.”

Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa na unga kwenye kucha.

“Ulijua tangu lini?” nikauliza.

“Siku ya kwanza.”

“Siku ya kwanza niliingia ili nizime taa, Papa.”

“Najua. Ulisimama pale na mafuta mu mukono, hauiweke. Nilikuwa naangalia. Nikasema, tuone kama atafanya.”

“Na zile sifa zote? Kumi na Moja hivi, Kumi na Moja vile, minye nimekaa hapa kama gunia?”

Mabega yake yakapanda. Alikuwa anacheka, na kicheko hakikuwa kinakwenda Afrika Kusini.

“Mutoto hasifiwake mu uso, ataharibika. Lakini ule hakuwa mutoto yangu, alikuwa mutumishi tu. Yeye nilikuwa na haki ya kumusifu.” Akajikunja, akasugua mikono. “Baridi. Koti yangu iko mu chumba. Ingia uniletee.”

Nikainuka. “Ngoja niite mama wa jirani.”

“Nimesema weye.”

“Papa.”

“Siku moja nitaanguka mule ndani,” akasema, na sasa hakuwa anacheka. “Nani ataniinua? Mama wa jirani? Mudogo yako na basi ya siku mbili? Kapita anaingiaka kila mahali. Nilikupa funguo. Anza kuzoea njia.”

Nikaenda. Nilisimama kizingitini, palepale nilipokuwa nimesimama na beseni, vidole vya miguu kwenye saruji iliyolika. Kisha nikavua viatu nikaingia. Ni chumba kidogo kuliko nilivyokuwa nimekiwaza miaka yote. Kitanda kimetandikwa kwa kunyooka, kama kitanda cha hospitali. Kitambaa cha mama kimefungwa kwenye chuma cha kichwani. Koti liko kwenye msumari. Na juu ya kimeza, upande anakoegemea akilala, picha moja tu kwenye fremu: mdogo wangu, siku aliyoondoka, amevaa miwani ya jua ya kuazima.

Nikaitazama ile picha. Na wivu wote ukarudi, mzima, kana kwamba hakuna mtu aliyenipa ufunguo wa chochote. Nilirudi salon, nikamvika koti mabegani, nikajaribu kunyamaza. Nikashindwa.

“Papa, mule kuna picha ya mudogo. Yangu haiko.”

Alikuwa anahangaika na kifungo cha juu. Nikamfungia.

“Yako ya kufanya nini?” akasema. “Weye unakuyaka hapa kila siku.”

Halafu akaniambia niende, ana njaa, na nisikimbize pikipiki giza litakapoingia. Nikavaa viatu vyangu, nikarudi Kikula kuchukua bukari.